Deni Lisilo Daftarini

Mwezi wa Desemba 2021, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu huko bara, aliniletea ujumbe. Amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imeondolewa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba, na yeye alikuwa na nia ya kuwaleta mkewe na watoto wake Mombasa wakati wa likizo, wakatembee baada ya kukaa ndani muda mrefu kwa sababu ya Korona. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwalimu, tukifika tule wapi?"

Nilidhani hilo ni swali la kujibiwa kwa mistari mitatu. Nikachukua kalamu na karatasi, kama yalivyo mazoea ya mtu aliyeshika chaki kwa miaka thelathini na mitatu, nikaanza kuorodhesha mikahawa: namba moja, namba mbili, namba tatu. Nilipofika namba nne kalamu ikasita. Namba nne ilikuwa mkahawa mmoja wa mtaa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, ambao haukuwapo tena. Na kutokuwapo kwake kulinigusa mimi kuliko nilivyopenda kukiri. Siku ile nilimtumia kijana wangu majina machache tu. Haya ninayoandika hapa ndiyo jibu kamili nililopaswa kumpa.

Kwanza, ndugu msomaji, tuelewane juu ya maneno. Huku kwetu pwani ya Kenya, mtu akisema anakwenda "hoteli" aghalabu hana maana ya kwenda kulala, anakwenda kula. Na neno "mkahawa" limetokana na kahawa yenyewe, kinywaji kilichotufikia kutoka ng'ambo ya bahari, upande wa Yemeni. Wazee wa umri wangu wanawakumbuka vizuri wauza kahawa wa Kishihiri waliopita vichochoroni jioni na dele la shaba lenye makaa chini yake, wakigonganisha vikombe vidogo mkononi ili watu wajue kwamba kahawa imefika. Watu waliketi barazani, wakanywa kahawa tungu kwa kashata au kipande cha halua, na habari za mji zikasemwa hapo. Kabla ya mkahawa kuwa chumba chenye meza na viti, ulikuwa mtu mmoja anayetembea na moto wake.

Chakula chetu kimeandikwa na wageni tangu zamani. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alilala usiku mmoja tu, lakini aliandika kwamba chakula kikubwa cha wenyeji ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka haikulimwa kisiwani bali ililetwa kutoka kwingine. Aliandika na jambo jingine ambalo nilikuwa nikiwasomea wanafunzi wangu kila mwaka. Alisema kwamba milangoni mwa misikiti palikuwa na visima, na chombo cha mti chenye mpini mwembamba cha kutekea maji, na kila aliyetaka kuingia aliosha miguu yake kisha akaipangusa kwenye kipande cha mkeka mzito. Mwaka 2020, tulipowekewa ndoo na sabuni kwenye mlango wa kila duka, nilimkumbuka msafiri huyo. Kunawa mlangoni hakukuwa kugeni kwetu. Kulikuwako miaka mia saba iliyopita.

Kutoka ndizi na samaki, sahani yetu ilizidi kujaa kadiri watu walivyokuja. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalisubiri kusi ndipo yarudi, na katika miezi hiyo ya kungoja mabaharia walihitaji kula. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, maelfu ya vibarua waliletwa kutoka Bara Hindi, na watu wa bara nao wakateremka kutafuta kazi bandarini. Mwaka 1914 soko la Mackinnon, ambalo sisi twaliita Marikiti, lilijengwa, nalo hadi leo ndilo linalotupa bizari, iliki, mdalasini na karafuu. Kwa hiyo mtu akiketi leo mbele ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, biriani, viazi vya karai vilivyochovywa katika unga wa dengu, au mahamri kwa mbaazi za nazi, amewekewa mezani historia ya bahari nzima. Mimi nilifundisha historia hiyo kwa ramani na ubao, lakini nakiri kwamba wapishi wa Mji wa Kale waliifundisha vizuri zaidi.

Lakini njia iliyoleta chakula ndiyo iliyoleta maradhi. Mwaka 1869 kipindupindu, ambacho wazee waliita waba, kilitokea bara kikateremka hadi Pangani, na mwezi wa Novemba kikaingia Unguja na kuua watu wengi mno. Daktari James Christie, aliyekuwa huko, aliandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1876. Mwaka 1902 tauni ilitokea Nairobi, na wakubwa wa serikali wakaamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa na Waingereza kuikagua miji ya Afrika Mashariki, na kwa hofu ya tauni akapendekeza watu watengwe katika makazi na biashara kwa kufuata rangi zao. Kisha mwaka 1918, vita vikielekea kwisha, homa kali ya mafua iliyoua mamilioni duniani iliingia nchini kwa mlango wa bandari yetu mwezi wa Septemba.

Sisemi kwamba serikali zilikosea kila zilipofunga mahali. Maradhi ya kuambukiza hayana heshima, na mwalimu aliyewahi kuona surua ikipita darasani anajua hivyo. Ninalosema ni kwamba kila maradhi yanapoingia, jicho la kwanza hutupwa pale ambapo watu wa kipato kidogo huishi na kula pamoja. Mkahawa huwa mtuhumiwa kabla haujapimwa. Na ukisha kufungwa, ni wachache wanaokumbuka kuuliza mwenye mkahawa naye anakula nini.

Mimi mwenyewe niliingia Mombasa nyuma ya maradhi. Kipindupindu kilifika Kenya mwaka 1971, nami nilikuwa nikimalizia masomo katika chuo cha ualimu. Tulifundishwa kuchemsha maji, kufunika chakula, na kuwaonya watoto wasile ovyo njiani. Januari 1972 nikapangiwa shule moja kisiwani. Nilikuwa kijana wa Rabai, Mkristo, mwenye shati mbili na sanduku la bati. Mshahara wa mwalimu mpya ulipaswa kuja mwisho wa mwezi. Haukuja Januari, haukuja Februari, haukuja Machi.

Chumba nilichopanga kilikuwa karibu na mkahawa mdogo wa Kibokoni: meza nne, benchi, jiko la makaa nyuma, na birika kubwa la chai. Mwenyewe alikuwa Mshihiri aliyezaliwa Mombasa, aliyenizidi miaka michache tu, lakini wateja wote walimwita Ami, nami nikamwita hivyo. Mwezi wa kwanza nililipa kwa akiba yangu. Mwezi wa pili nikaanza kunywa mkandaa mtupu asubuhi na kuondoka kabla mahamri hayajatolewa karaini, nikijifanya nina haraka ya kengele. Siku ya tatu au ya nne aliniwekea mahamri mawili na bakuli la mbaazi bila kuulizwa. Nikamwambia, "Ami, sina." Akasema, "Sikukuuliza una nini. Nimekuuliza utakula?"

Alikuwa na daftari refu la jalada jeusi. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, wala hakuandika majina ya watu. Aliandika kazi na maumbo: fundi wa saa, hamali wa bandari, kijana wa baiskeli. Mimi nilikuwa "Mwalimu mrefu". Nilipomwuliza kwa nini hataji majina alinijibu kwamba daftari laweza kuanguka barabarani, na deni la mtu ni siri yake. Kwa muda wa miezi miwili nilikula asubuhi na usiku kwa daftari hilo. Mshahara ulipokuja kwa mkupuo mwezi wa Aprili nilimlipa senti zote, naye akapiga mstari. Nilijiona nimemaliza.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu mkuu, nikajenga nyumba Kisauni, nikavuka daraja la Nyali maelfu ya mara. Mwaka 2005 nikastaafu. Kila Jumamosi nilirudi Kibokoni kwa mahamri na mbaazi. Ami alikuwa amezeeka kama mimi, na binti yake ndiye aliyesimama karaini. Watoto wangu walinizoea kwa safari hiyo, na hata daktari aliyenikataza sukari alinijua.

Kisha ikaja Korona. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa na amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja ya usiku, na mikahawa ikaambiwa iuze chakula cha kubeba tu. Tarehe 6 Mei waziri wa afya alitangaza kwamba watu wasiingie wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh kule Nairobi, na kwamba mikahawa yote ya mitaa hiyo ifungwe. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, wakati ambapo vichochoro vya Mji wa Kale hujaa meza za futari alasiri. Kufungwa huko kuliongezwa, Idi ikapita humo humo, na mitaa haikufunguliwa hadi tarehe 7 Juni.

Mtu asiyejua biashara ya mkahawa atauliza, mwezi mmoja ni nini? Mkahawa wa mtaani hauna ghala wala benki. Mauzo ya leo hununua unga, nazi na makaa ya kesho. Mbaazi kavu zaweza kungoja. Nazi iliyokunwa, maziwa na samaki haviwezi. Mwenye nyumba hutaka kodi hata mlango ukiwa umefungwa. Na jambo kubwa kuliko yote, mtaji wa mkahawa kama ule umo mikononi mwa wadeni. Wateja wa Ami walikuwa mahamali, mabaharia, na vijana wanaowatembeza watalii Fort Jesus. Bandari ya majahazi ilikuwa kimya, watalii hawakuja, na wote hao walikuwamo daftarini tangu Machi. Wangelipa kwa nini?

Siku moja ya mwezi huo wa Mei, Ami alinipigia simu. Nakumbuka nilikuwa nimeketi chini ya mwembe wangu. Akanisalimu, akauliza hali ya mke wangu, kisha akauliza, "Mwalimu, mnapata chakula huko?" Nikamjibu kwamba tuko salama, tunamshukuru Mungu. Nikasema, "Poleni na kufungiwa." Akacheka, akasema ndiyo dunia, na tukaagana.

Ndugu msomaji, yeye aliyefungiwa ndiye aliyemwuliza aliye huru kama amekula. Nami sikumrudishia swali lile. Pensheni yangu ilikuwa imeingia juma lile lile. Simu niliyoishika sikioni ndiyo hiyo hiyo ninayotumia kutuma pesa kwa M-Pesa, na ningeweza kumtumia shilingi elfu chache kabla ya mwembe kudondosha jani. Sikuwa na ubahili. Nadhani sikufikiri tu. Nilimwona kama mtu wa kunilisha, na mtu wa kukulisha huwezi kumdhania kuwa ana njaa.

Mitaa ilipofunguliwa sikwenda. Nilikuwa nimepita miaka sabini na nina kisukari. Tuliambiwa wazee tukae nyumbani, nami nikatii. Hofu hiyo siionei haya. Ninayoionea haya ni miezi kumi na sita ya kunyamaza. Nilikwenda Novemba 2021, amri ya usiku ilipokwisha kuondolewa. Mlango wa mkahawa ulikuwa na kufuli, na ndani palikuwa pamepangishwa mtu wa kuuza vifaa vya simu. Jirani akaniambia kwamba Ami alifariki mwezi wa Februari. Sikuuliza ni kwa maradhi gani.

Binti yake nilimkuta hatua thelathini mbele, kwenye kibaraza cha nyumba yao, na karai moja, sufuria moja ya mbaazi, na viti vitatu vya plastiki. Aliponiona alisimama. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, nikampa pole, nikaketi. Akanihadithia kwamba siku za kufungwa baba yake aliendelea kupika nyumbani na kuwapelekea majirani hadi unga ulipokwisha. Mitaa ilipofunguliwa hakukuwa na cha kuanzia. Alipomwomba ruhusa ya kuwafuata wadeni, mzee alimkataza. Alisema mtu hadaiwi akiwa amelala chini.

Nilipomaliza kula nikampa noti za shilingi elfu tano, nikamwambia kwamba nina deni la baba yake. Akafuta mikono, akaingia ndani, akarudi na daftari jeusi. Akalifungua, akapitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto, ukurasa baada ya ukurasa, kwa subira ileile ya baba yake. Kisha akasema, "Mwalimu, nimelipitia lote. Humu wewe huna deni." Akachukua bei ya mahamri mawili, mbaazi na chai, akanirudishia zilizobaki hadi sarafu ya mwisho.

Nimefundisha hesabu pia, lakini hesabu ile ilinishinda. Deni lililoandikwa nililipa mwaka 1972. Lile la swali nililoshindwa kuuliza chini ya mwembe halina ukurasa, na aliyekuwa anadai hayupo.

Basi sasa nimjibu kijana wangu, na kila atakayekuja Mombasa baada ya maradhi haya.

Asubuhi mapema nenda Kibokoni ukatafute mahamri na mbaazi. Utayajua mahamri mazuri kwa harufu ya iliki na kwa kuwa ndani yana uwazi, si unga uliokandamana. Usikae penye kibao kikubwa zaidi. Kaa penye foleni ya watu wanaokwenda kazini. Mchana kula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kama ni Ijumaa ulizia biriani. Majina kama Island Dishes ya Kibokoni na Tarboush ya barabara ya Makadara yamechapwa katika vitabu vya wageni kwa miaka mingi, nayo yanafaa. Lakini usiishie hapo, maana vibaraza visivyo na jina ndivyo vilivyoumia zaidi. Jioni kula mishkaki na viazi vya karai kwa pilipili ya ukwaju. Jua likikaribia kutua, wapeleke watoto Lighthouse, ufukweni, wale muhogo kwa ndimu na pilipili na kunywa madafu huku meli zikiingia Kilindini. Usiku malizia kwa kahawa tungu barazani, usikilize wazee wakibishana.

Na hata kama si Mombasa unakokwenda, bali ni mtaa wako mwenyewe, fanya hivyo hivyo. Kila mji una mkahawa uliomlisha mtu siku ambayo hakuna mwingine aliyemjua. Rudi pale. Lipa taslimu, wala usiombe kupunguziwa. Muulize anayekuhudumia hali ya jamaa zake, kisha ngoja jibu. Na ukikuta amekonda, au meza zimepungua, au birika limekuwa dogo, usiseme "pole" ukaondoka kama nilivyofanya mimi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mimi sasa nakwenda kibarazani pale kila Jumamosi, na mara nyingi nawachukua wengine, ili viti vitatu visitoshe. Mwaka jana aliongeza meza mbili. Siku moja aliniuliza kwa nini nakuja na wageni wengi hivyo. Nikamwambia kwamba baba yake aliniuliza swali zamani, nami ndiyo kwanza najifunza kulijibu.